Kuskii mwisho wa msimu theluji ikiwa kiduchu, kwa watu wa Tanga mlioko Norway

Mdogo wangu, mtoto wa shangazi, yuko Bergen anasoma, juzi usiku kanitumia voisi mi nimekaa barazani hapa Chumbageni na kikombe cha kahawa, anasema kaka wenzangu wanataka wikiendi tupande milimani tukaskii, yaani kuteleza kwenye theluji na mbao ndefu miguuni, ila watu wanasema theluji imebaki kidogo, mawe yashaanza kutokeza, sa twende au tuache? Nikamjibu nendeni, ila subiri nikuandikie maana hili halienei kwenye voisi. Mi nilikaa Bergen miaka miwili na wakati niliokuwa naupenda kuliko wote ndo huo huo, mwezi wa nne kwenda wa tano, jua linawaka, siku ndefu, watu wamepungua mlimani. Watu wengi wanafunga skii zao mapema mno kwa kuogopa theluji nyembamba, na wengine wanaenda kichwa kichwa wanarudi na goti limevimba. Kwaiyo naandika kwa ajili yake na kwa yeyote wa huku kwetu aliyeko kule akajikuta kwenye hali hiyo.

Jambo la kwanza, usiulize theluji ina sentimita ngapi tu, uliza chini yake kuna nini. Sentimita 30 juu ya uwanja wa majani, pale ambapo kiangazi kondoo wanalisha, ni siku nzuri kabisa ya kuskii. Sentimita 30 hizo hizo juu ya mawe yaliyomwagika mlimani ni balaa. Afu theluji yenyewe si moja. Ile mpya iliyoanguka kwenye baridi kavu ni hewa tupu, mita moja ya ujazo unaweza kukuta ina kilo 50 mpaka 100 tu, unaikanyaga unafika chini. Ya mwisho wa msimu imeshayeyuka na kuganda mara nyingi, imeshikana, mita hiyo hiyo inafika kilo 400 hata 500. Ndo maana theluji chache ya zamani inakubeba na nyingi ya jana usiku inakudanganya. Na hali ninayoiogopa kuliko zote ni pale mawe yalikuwa wazi, afu usiku ikaanguka sentimita kumi mpya, asubuhi mlima wote mweupe, unaona kama msimu umerudi. Hujarudi. Mawe yapo pale pale, yamefunikwa shuka tu. Siku hiyo kaeni kwenye majani au kwenye njia mliyoiona jana kwa macho yenu.

Namna ya kuisoma, hapo sisi watu wa pwani hatufundishwi na mtu. Mjomba wangu ni mvuvi wa Sahare, nikiwa mdogo ananikalisha omo, kule mbele ya chombo, maji yakiwa yanapwa ananiambia kazi yako ni kunitajia rangi, hapa kijani, hapa imekuwa kahawia, hapa maji yanachezacheza. Mwamba wenyewe huuoni, unaona rangi iliyo juu yake. Kule mlimani nilikuja kugundua nafanya kitu kile kile. Theluji nene ina weupe mzito kama tui la kwanza. Ikianza kuwa ya kijivu ujue imelowa na imekonda. Ikiwa na umanjano au ukahawia kwa mbali majani yako karibu. Ukiona kinundu kidogo laini kimesimama peke yake kwenye uwanda uliotandazika, hilo ni jiwe, zunguka. Na ukiona jiwe limeshatokeza usipite ukingoni mwake ukidhani umelikwepa, jiwe jeusi linashika joto la jua linayeyusha theluji iliyolizunguka kwa chini, juu unaona pamejaa kumbe ndani pana uwazi. Liachie mita mbili hivi. Vichaka navyo ni hivyo hivyo, vitawi vikichungulia ujue chini yake pako tupu.

Sa tuje kwenye saa, na hapa nitakaa sana maana ndo siri yenyewe ya mwisho wa msimu. Mchana jua linalainisha theluji ya juu, usiku inaganda tena, kesho yake hivyo hivyo, baada ya siku kadhaa inakuwa chenga chenga, punje ngumu kama chumvi ya mawe. Asubuhi na mapema chenga hizo zimegandamana, Wanorway ule ukoko wanauita skare, ni mgumu kama simenti, ukianguka unateleza mpaka chini na kuchubuka juu. Jua likipiga, sentimita mbili tatu za juu zinalegea huku chini bado pagumu, na hapo ndo raha, skii inakata taratibu inatoa sauti kama mtu anachekecha mchele, hata mtu wa kawaida anajiona fundi. Hali hiyo inadumu saa moja, mawili, ikizidi matatu. Baada ya hapo inakuwa uji, na baada ya uji inakuwa ile wanayoiita theluji iliyooza, unazama mpaka goti.

Kwaiyo kabla ya kulala toka nje uangalie juu. Nyota zikiwa wazi, theluji inapoteza joto lake kwenda angani na inaganda hata kama kipimajoto kinasoma nyuzi moja mbili juu ya sifuri. Mawingu yakitanda ni blanketi, haigandi, na asubuhi utaikuta imelegea tangu saa kumi na mbili. Usiku wa mawingu na joto mi nilikuwa nazima alamu nalala, siku hiyo haina kitu. Usiku wa nyota andaa begi. Fika mlimani kama saa tatu asubuhi, anza na mteremko unaotazama mashariki maana ndo unaopigwa na jua la kwanza, ukilegea sana hamia wa kusini, afu wa magharibi. Wa kaskazini ndo unakuwa wa mwisho na mara nyingi ndo wenye theluji nyingi iliyobaki, ila unaweza ukashinda mgumu siku nzima, nenda na tahadhari. Ikifika mchana simama bila skii, kanyaga kwa buti, ukizama kupita kifundo cha mguu basi, siku imeisha, hata kama lifti za kupandisha watu mlimani bado zinazunguka.

Na theluji ikiisha chini, panda juu yake. Kila ukipanda mita 100 joto linashuka kama nyuzi 0.6, kwaiyo mita 1000 zinakupa nyuzi sita hivi, hiyo ni tofauti ya mvua na theluji. Raha ya Bergen ni treni ya kwenda Oslo, ile reli iliyofunguliwa 1909, unaondoka baharini kwenye mvua, unapita Voss ambako mwezi wa nne bondeni pameshaanza kuwa kijani, inapanda mpaka Myrdal mita 867, afu Finse mita 1222 ambako hakuna hata barabara ya gari, unafika kwa treni tu, na pale theluji inakaa mpaka watu wa chini wameshasahau. Angalieni ramani ya seNorge kabla ya kukata tiketi, inaonyesha theluji ilipo nchi nzima, na hali ya hewa angalieni Yr. Msiende kwa mazoea ya wiki iliyopita, wiki moja ya joto na upepo inamaliza mteremko.

Vifaa. Usipeleke skii nzuri kwenye mawe. Wanorway wenyewe wana jozi ya zamani wanaiita steinski, yaani skii za mawe, iliyochoka, ambayo ikikwaruzwa roho haiumi. Nenda duka la mitumba utaipata kwa hela ndogo, au uliza kama mjini kwenu kuna BUA, wale wanaazimisha vifaa vya michezo bure. Mi mwaka wa kwanza nilikodi mpya zinang'aa kwenye duka moja, nikazirudisha zina mfereji chini, nikalipishwa hela iliyokuwa ya chakula cha wiki mbili, na hakuna aliyeniambia wakati nachukua kwamba mlimani ni mawe matupu. Kwaiyo ukikodi uliza kabla, skii ikiumia nalipa kiasi gani, na omba zile za zamani kabisa. Ukiwa mtu wa kutembea milimani badala ya kushuka na lifti, chagua zile pana kidogo zenye ukingo wa chuma, sio zile nyembamba za mbio, kwenye skare asubuhi utashukuru.

Waksi, ile nta ya kupaka chini ya skii, chukua ya joto, makampuni mengi huipaka rangi ya manjano au nyekundu, ya buluu na kijani ni za baridi. Ukikosea theluji yenye maji inanyonya skii, unasukuma haiendi, afu ghafla unaingia kwenye kivuli inachomoka. Kwa skii za kutembea kwenye chenga zilizolowa kuna kitu kinaitwa klister, gundi ya kwenye tyubu. Klister ni utomvu wa fenesi kabisa, ukishika mara moja imeingia kwenye jaketi, kwenye simu, kwenye nywele, na dawa yake mkononi ni ile ile ya fenesi, mafuta ya kupikia, unasugua afu unafuta na karatasi. Pakeni nje, msipakie ndani kwa watu.

Kushuka kwenyewe sasa. Ukiwa kwenye theluji ya kawaida, ukikata kona mguu wa nje unabeba uzito zaidi. Kwenye theluji laini na nyembamba gawa uzito, miguu yote miwili karibu sawa, maana mmoja ukibeba sana unazama na mwenzake unakimbia, ndo watu wanapasuka msamba. Usichimbe kwa makali ya skii. Makali ukiyalaza sana yanatafuta chini, na chini ndo kuna mawe. Weka skii bapa kadri unavyoweza, kona zako ziwe fupi, za pole, unazungusha kwa miguu badala ya kulala na mwili. Magoti yalegee kama ya mtu aliyesimama kwenye ngalawa. Macho mbele kama mita kumi na tano, sio kwenye ncha ya skii, ukiliona jiwe likiwa kwenye ncha umeshalipanda. Na mwendo, jamani, punguza. Mwendo ambao unaweza kusimama kabla ya kufika unapopaona, huo ndo mwendo wako.

Ukikuta kipande cha majani kimekatiza njia, vua skii utembee. Najua watu wanaona uvivu, wanapita. Kama huna budi kupita, elewa kinachotokea: skii ikitoka kwenye theluji ikaingia kwenye majani inakamatwa, miguu inabaki nyuma mwili unaendelea mbele, ni kama kuruka kwenye daladala ambayo bado inatembea. Kabla hujafika tanguliza mguu mmoja nusu hatua, shusha nyonga, uzito uende nyuma kidogo, usigeuze kona, pita moja kwa moja. Kwenye mawe usijaribu hata hivyo. Na usiruke kitu chochote, huwezi kujua unatua kwenye nini.

Kamba za zile fimbo mbili za kuskii, toa mikono. Hili nalisisitiza maana lilinipata. Ilikuwa saa saba mchana, mteremko mdogo tu, nimechoka, nasema ya mwisho afu treni. Skii ya kushoto ikagusa kitu, nikasikia krrr fupi kama sufuria inaburuzwa kwenye sakafu, ikasimama, mi nikaenda. Fimbo ya kulia ilikuwa imenasa kwenye kichaka na kamba iko mkononi, ikanivuta bega na kidole gumba kikageuka upande ambao hakitakiwi kugeuka. Gumba lile nilifunga bandeji wiki tatu, siwezi kufungua hata chupa ya maji. Kamba ingekuwa nje ya mkono, fimbo ingebaki kichakani na mi ningeondoka na michubuko tu. Na ukiona unaanguka, kaa chini kwa ubavu kuelekea juu ya mlima, usinyooshe mikono.

Jioni ndo kazi ya kuuguza skii inaanza, na hii naipenda kweli. Geuza upande wa chini juu, futa, iache ikauke kabisa, usiku mzima ikibidi. Mkwaruzo mwembamba achana nao. Mfereji mpana unaoweza kuingia ukucha ndo unaujaza, kuna kijiti cha plastiki kama mshumaa kinauzwa kwa kazi hiyo. Kata vinyuzi vilivyosimama kwa kisu kikali, washa kijiti, dondoshea kwanza pembeni kwenye kibati mpaka moto uwe mdogo wa buluu, maana moto mkubwa wa manjano unatoa masizi na masizi yakiingia haishiki, afu dondosha ndani ya mfereji tone kwa tone, jaza kupita kidogo, acha ipoe, kwangua na kibati cha chuma mpaka iwe sawa. Nilirudi na jozi moja Tanga, siku nafanya hivi uwanjani mjomba akasogea akainama akachungulia kidonda, akapitisha kidole, akasema hii si kalafati tu, kama tunavyoziba nyufa za chombo. Ni kalafati kweli, na sheria ni ile ile ya chombo, ukiziba mbao ikiwa na maji umeuza safari. Kama kidonda kimefika mpaka kwenye mbao ya ndani au kimegusa chuma cha ukingoni, plastiki ile haishiki hapo, kwanza iwe kavu kabisa, paka gundi ya epoksi, ikikauka ndo umalizie. Ukingo wa chuma ukigonga jiwe pale palipogongwa panakuwa pagumu kuliko mwanzo, tupa ya kunolea ikipita inakwama au inaharibika yenyewe, anza na jiwe la almasi taratibu mpaka kinundu kiishe.

Sasa usalama, na msilichukulie kwamba theluji kidogo ni hatari kidogo. Maporomoko ya theluji yenye maji yanatokea hasa majira haya, mchana, kwenye miteremko yenye mwinamo wa kuanzia nyuzi 30, na theluji iliyolalia majani au mwamba laini inateleza yote mpaka ardhini, inakuburuza juu ya mawe. Dalili ni hizi, ukiona vidonge vya theluji vinajiviringisha vyenyewe kutoka juu, ukiona mpasuko mrefu umekatiza mteremko kama mdomo, ukiona unazama, ondokeni, na msipumzike wala kula chini ya mteremko wa namna hiyo. Kila asubuhi someni Varsom, ni onyo la serikali yao, linapanga hatari ngazi ya 1 mpaka 5. Watu wanasikia ngazi ya 3 wanadhani ni katikati kwa hiyo ni kawaida. Si kawaida, ngazi ya 3 ni ya kubaki kwenye miteremko ya upole. Namba ya kuomba uokoaji ni 112, simu ikae mfuko wa ndani ipate joto la mwili, baridi inanyonya chaji.

Cha pili ni maji. Mito inafunguka kwa chini kabla ya kuonekana juu. Ukisikia mlio wa maji chini ya theluji, simama, rudi kwa njia uliyojia. Maziwa yaliyoganda mwezi huo msikatize, hasa pale mto unapoingilia na unapotokea, barafu hapo inakuwa nyembamba kabla ya pengine, na ikishakuwa ya kijivu haina nguvu. Zungukeni ufukweni hata kama ni saa nzima zaidi. Wanorway wana kanuni zao za mlimani ambazo hata mtoto anazijua, mojawapo inasema geuka mapema, kugeuka si aibu, na nimeona watu wazima waliozaliwa kule wakigeuka dakika kumi kabla ya kilele bila hata kujadili.

Na ngozi yetu hii nyeusi isiwadanganye. Theluji safi inarudisha mpaka asilimia 80 ya miale inayounguza, kwaiyo unapigwa kutoka juu na kutoka chini, chini ya kidevu, puani kwa ndani. Mi niliungua midomo ikapasuka. Pakeni mafuta ya kuzuia jua, midomo isisahaulike, miwani ya giza usivue hata kukiwa na mawingu, macho yakiungua unayajua usiku, ni kama umemwagiwa mchanga. Nguo vaa nyepesi tabaka tabaka, ila suruali iwe ya kuzuia maji maana utakaa kwenye uji. Soksi za akiba. Maji ya kunywa lita moja na nusu, tende chache mfukoni.

Kwa asiyewahi kuskii kabisa, usianze asubuhi kwenye skare. Subiri saa nne na nusu hivi ilegee, tafuta mteremko wa majani wa upole ambao mwisho wake pametandazika, jifunze kusimama kwanza kabla ya kujifunza kwenda. Na wiki mbili kabla, kila siku kaa mkao wa kiti bila kiti ukutani mpaka mapaja yatetemeke, ajali nyingi za mchana ni mapaja yaliyochoka.

Safari ya mwisho ikiisha, fungua vifungio vya buti vilegee, osha skii kwa maji baridi, futa, kausha, chuma cha ukingoni pitisha kitambaa chenye mafuta ya cherehani, na kama unarudi nazo huku pwani fanya hivyo kila mwezi, hewa ya chumvi ya Tanga inakula chuma hata kikiwa ndani ya begi, zangu zilishika kutu ndani ya wiki sita. Upande wa chini paka waksi nene ya kutosha kufunika wote na usiikwangue, iache hivyo hivyo mpaka siku ya kwanza ya msimu ujao.